Alichosema Daktari Ijumaa Ile

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo nimesema uongo hospitalini, na nimeusema kwa lugha mbili. Sijamwambia mtu, wala sidhani nitamwambia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu shuleni hakuna anayekisoma, na wale wasichana wa viti vya nyuma hupekua kila kitu changu. Hatari iko hapa hapa nyumbani, maana Mamdogo anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo daftari hili litakaa nyuma ya droo ya chini, ile inayokwama.

Mamdogo ni mdogo wake Mama, tumbo moja. Nilikuja huku ugenini kukaa naye nina miaka kumi na mitatu, ili nisome. Mama amebaki nyumbani na wadogo zangu. Mamdogo anafanya kazi ya kufua hotelini. Anakunja mashuka tangu alfajiri, na Jumamosi anaimba kwenye bendi. Lugha ya huku anaijua ile ya kazini tu: shuka, moto, haraka, kesho. Mengine yote ni juu yangu. Barua nasoma mimi, simu napokea mimi, fundi wa bomba nagombana naye mimi, mimi ambaye nikiulizwa jina darasani natazama viatu.

Tangu katikati ya mwaka sauti yake ina mikwaruzo. Leo ndiyo tumemwona daktari. Ni kijana, anaongea haraka. Alimwingiza puani mpira mwembamba wenye taa, akatazama kompyuta. Kisha akanigeukia mimi.

"Una umri gani?"

"Kumi na sita."

"Hakuna mtu mzima wa kumtafsiria?"

"Hakuna."

Akashusha pumzi. Akachora koo kwenye karatasi, akaweka nukta upande mmoja, ndipo akasema. Alisema mambo manne, niliyahesabu kwa vidole chini ya meza. Kuna uvimbe kwenye uzi wa sauti. Sura ya uvimbe ule haimpendezi. Lazima akatwe kinyama kidogo kikapimwe, ndani ya wiki mbili. Na kuanzia leo asiimbe kabisa, hata kuongea apunguze.

"Anasemaje?" Mamdogo akauliza.

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Naapa neno la kwanza lilikuwa "uvimbe". Lakini kesho ndiyo ufunguzi wa msimu pale ukumbini anapoimba, na Kapteni wa bendi ameniahidi maiki.

"Anasema koo limechoka," nikasema. "Unywe maji ya uvuguvugu, upunguze kelele kazini. Utarudi msimu ukiisha."

Mamdogo akacheka hadi akakohoa. "Maneno yote yale ndiyo hayo tu? Lugha yao ina maji mengi, jamani."

Daktari alimwona anacheka. Akaniuliza kama ameelewa.

"Ameelewa," nikamjibu. "Akiogopa huwa anacheka."

Huo ukawa wa pili. Mamdogo akaichukua ile karatasi yenye mchoro, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Kwenye lifti akaniuliza ile nukta ni nini. Nikamwambia ni pale palipochoka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nataka niandike jinsi palivyokuwa pazuri, ili nikisoma baadaye nijue ukweli niliuuza kwa kitu gani.

Ukumbi zamani ulikuwa ghala la samani. Bado unanuka gundi na mbao. Huku baridi ikianza watu hawakai nje, kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, watu wa kwetu wote wanakuja pale. Kazi yangu ni chumba cha makoti. Napokea koti, natoa kibati chenye namba. Lakini viatu ndivyo ninavyovipenda. Wanawake wanaingia na mabuti ya kazini, wengine yana chokaa, wengine yana dawa ya kufutia sakafu, halafu wanatoa kwenye mfuko wa plastiki viatu vyenye visigino virefu kama kalamu. Wanashika kaunta yangu kwa mkono mmoja, wanavaa, na wakisimama wamekuwa watu wengine. Mlinzi wa maegesho, yule anayeongea kwa kuguna, Jumamosi ana tai nyekundu na anaitwa Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, koti lako lina uzito wa jiwe," nikamwambia leo. Mimi! Nimemtania mtu mzima!

"Limebeba wiki nzima hilo," akajibu. "Lishike vizuri lisikuangushe."

Mamdogo alipanda jukwaani na lile gauni la kijani. Kila wimbo ukiisha anawauliza, "Mmechoka?" na ukumbi mzima unaitika, "Bado!" Hata vibati vyangu vinatikisika kwenye misumari. Shuleni sijawahi kusikia watu mia mbili wakikubaliana kwa neno moja la lugha yangu.

Saa nne nilifunga chumba cha makoti nikaenda nyuma ya pazia. Kapteni, mkubwa wa bendi na mpiga gita, alikuwa amenifungia maiki huko kwa utepe, kwa sababu mbele ya watu nakufa.

"Haya Bubu," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Leo tutajua kama una ulimi au una kipande cha sponji."

"Muache mwanangu," Mamdogo akamkatiza. "Maneno yake kayaweka akiba."

Niliitikia nyimbo tano. Hakuna aliyeniona. Sauti yangu ilipita kwenye pazia ikakaa chini ya sauti ya Mamdogo kama sahani chini ya kikombe, na watu walicheza juu yake. Nilikuwa nalia, ila kwa raha.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Mtihani wa hesabu. Mamdogo anakunywa maji ya uvuguvugu kila baada ya saa moja, kama nilivyomwambia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nyimbo saba leo. Mheshimiwa alimuuliza Kapteni, "Huyo wa nyuma ya pazia mmemtoa wapi?" Kapteni akasema, "Tumemwagiza kutoka nje." Wakacheka. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na koti lake mkononi.

Jumanne, 14 Oktoba

Barua ya hospitali imekuja. Niliijua kwa bahasha. Mamdogo alikuwa anavua mabuti mlangoni.

"Ya nani hiyo?"

"Matangazo, Mamdogo. Duka la magodoro."

"Waambie tunalo," akasema, sauti imebaki nusu.

Kipimo ni tarehe 17, saa tatu asubuhi, aje bila kula. Nimeiweka ndani ya kitabu cha jiografia, kwenye ukurasa wa mito.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye somo la historia. Nilitazama saa ya ukutani hadi saa nne. Saa nne na dakika kumi simu ikatetemeka mfukoni. Namba waliyonayo hospitali ni yangu, maana ndiyo ya anayejua lugha. Niliiacha itetemeke. Mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baridi imekaza. Ukumbi ulijaa, nikaning'iniza makoti mawili mawili kwenye msumari mmoja. Kwenye wimbo wa tatu Mamdogo alipanda kwenye noti ya juu na sauti ikakatika, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Nilikuwa nimeshaingia nyuma ya pazia, na bila kufikiri nikaishika ile noti nikaibeba mpaka mwisho. Watu wakapiga kelele wakidhani ni madoido.

Baadaye Mamdogo alinikumbatia kwenye jiko la ukumbi, gauni limelowa jasho. "Umeniokoa, mama," akanong'ona. "Mungu kanipa koo la akiba."

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilisema, "Kunywa maji."

Jumatano, 22 Oktoba

Hakuna kitu.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama alipiga simu. Mamdogo akaongea naye kidogo, akanipa. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba Mamdogo anaweza kumsikia kutoka kule ng'ambo: "Mdogo wangu sauti yake ina nini? Mbona kama mtu aliyemeza mchanga?"

"Ni baridi ya huku, Mama."

"Daktari kasemaje?"

"Amesema ni baridi."

Mama aliridhika. Ananiamini kwa sababu nimesoma. Wote wananiamini kwa sababu nimesoma.

Jumamosi, 1 Novemba

Sasa tumeshapanga. Noti za juu zote ni zangu, na Mamdogo anafungua mdomo tu. Kapteni ndiye aliyetoa wazo, akamwekea hata alama: akikanyaga mguu wa kushoto, mimi naingia. Wakati wa mazoezi walicheka sana. "Mwanamke mmoja midomo miwili," akasema Kapteni. "Dunia hii haijawahi kuona."

Mimi pia nilicheka. Halafu kwenye wimbo wa mwisho nikachungulia kwenye upenyo wa pazia, nikamwona kwa nyuma. Shingo yake imekonda. Zipu ya gauni la kijani ameibana na pini mbili.

Alhamisi, 6 Novemba

Barua ya pili. "Hukufika." Tusipopiga simu ndani ya siku kumi na nne wataliondoa jina kwenye orodha. Jiografia, ukurasa wa mito.

Nimeanza kumchukia daktari. Kwa nini aliniuliza umri halafu akaendelea tu? Alijua. Aliniona nimevaa sare ya shule.

Jumamosi, 8 Novemba

Anakula uji tu. Anasema mkate unamkwaruza.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimesoma niliyoandika tarehe 4 na nimeona aibu. Wale watu wenye visigino sikuwaona vizuri. Mheshimiwa anakuja mapema si kwa sababu anapenda muziki. Chumba anachopanga hakina joto. Yule mama mwenye mabuti ya chokaa huwa hachezi, analala amekaa, ameegemea spika. Na Kapteni, niliyekuwa namwona shujaa, leo alimwambia Mamdogo aliyekuwa anatetemeka, "Mbili tu zimebaki, dada, tusiwavunje moyo." Nikamkasirikia. Halafu nikakumbuka Kapteni hajui. Yeye anadhani ni baridi.

Mimi ninajua na sijasema hata "mbili tu".

Jumatatu, 24 Novemba

Siku kumi na nne zilipita Alhamisi. Leo nilipiga simu hospitali kutoka chooni shuleni. Nikasema mimi ni mgonjwa mwenyewe, nikakaza sauti iwe ya mtu mzima. Wakaniambia jina limeshatoka, nianze upya kwa daktari wa mtaa. Nafasi ya karibu ni tarehe 12 Desemba. Nikasema sawa. Nikanawa uso. Kengele ikalia.

Sasa nina tarehe ila sina namna ya kumwambia Mamdogo ni ya nini.

Jumamosi, 29 Novemba

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Mvua iliyochanganyika na barafu tangu mchana. Watu walikuja wamelowa, chumba cha makoti kikanuka kama mbwa. Mamdogo alikaa kwenye kiti changu nyuma ya kaunta mpaka dakika ya mwisho, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alikuwa anasaidia kutundika. Kila aliyempa koti alimwambia kitu: "Dada, leo utuimbie ule wa pili." "Dada, wiki yangu imekuwa mbaya, usiniangushe." Akawa anatikisa kichwa tu na kutabasamu.

"Mamdogo, tusiimbe leo," nikamwambia.

Akanitazama. "Umeanza lini kuogopa?"

"Siogopi. Umechoka."

"Daktari si alisema msimu ukiisha?" Aliisema kwa ile sauti ya pumzi. "Zimebaki Jumamosi nne. Nazihesabu kama mfungwa, mwanangu. Nikimaliza nalala mwezi."

Ningeweza kusema pale. Hapakuwa na mtu kwenye kaunta kwa muda wa, sijui, dakika mbili nzima. Nilipanga vibati kwa namba. Moja mpaka arobaini. Kisha Kapteni akamwita.

Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda. Wimbo wa tatu akakanyaga mguu wa kushoto kabla ya wakati, nikaingia. Akakanyaga tena. Nikaendelea. Nikasubiri arudi chini kwenye maneno yake mwenyewe, hakurudi. Nilichungulia. Alikuwa amesimama wima, maiki mdomoni, midomo inakwenda, na hakukuwa na kitu, hata ile pumzi. Niliimba wimbo wote mimi. Watu walikuwa wanacheza. Hakuna aliyesimama. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwimbaji wao hayupo.

Wimbo ukaisha. Wakapiga makofi wakangoja awaulize. Akainua mkono kama anavyofanya siku zote, akafungua mdomo: hakuna. Akafungua tena. Nyuma yake, gizani, nikasikia sauti inauliza, "Mmechoka?"

Ilikuwa yangu.

"Bado!" wakaitika wote.

Mamdogo akageuka, akatazama pazia mahali nilipokuwa. Sijui kama aliniona. Akaziba mdomo kwa leso, akakohoa, na leso ikawa nyekundu. Akaikunja vizuri, upande safi juu, kama anavyokunja mashuka, akashuka ngazi mwenyewe. Chini ya ngazi ndipo akakaa sakafuni.

Kapteni aliwaambia watu kuna hitilafu ya umeme. Walinijia kauntani watu mia mbili kwa pamoja kutaka makoti, na niliwapa, mmoja mmoja, kwa namba, huku gari la wagonjwa linangoja nje. Mheshimiwa ndiye aliyeruka kaunta akanitoa. "Mwanangu, acha makoti," akasema. "Nenda. Mimi ndiye mlinzi hapa."

Jumanne, 2 Desemba

Daktari ni yule yule. Aliponiona alisimama kidogo mlangoni. Safari hii hakuniuliza umri. Akasema nikae nje, mkalimani atakuwa kwenye simu.

Mlango haukufungwa sawasawa. Nikasikia sauti ya mwanamke wa makamo kwenye spika, Kiswahili cha taratibu, mtu asiyetujua: "Habari, nani hapo? Haya mama, mimi nitakuwa nakwambia kila anachosema daktari, siongezi sipunguzi."

Siongezi sipunguzi.

Baada ya hapo akashusha sauti. Niliketi dakika arobaini nikitazama tangazo la kunawa mikono. Nilijipanga. Nilisema akitoka nitapiga magoti. Nilisema akitoka nitakimbia.

Alitoka. Akakaa kiti cha pembeni yangu, akaninyooshea kola ya sare. Akasogeza mdomo sikioni mwangu.

"Nina njaa," akasema.

Basi. Hakusema kingine, mpaka sasa.

Muuguzi ndiye aliyeniambia upasuaji ni Jumanne ijayo, na kwamba watatoa sanduku lote la sauti, maana uvimbe umeshavuka upande wa pili. Atapumulia tundu shingoni. "Oktoba pengine wangekata kidogo tu," akasema, akiandika. "Kwa nini hakuja?"

"Sijui," nikamwambia. Wa mara ya ngapi huo, nimeacha kuhesabu.

Jumatatu, 8 Desemba

Mama amepiga mara sita. Nimemwambia ukweli nusu: upasuaji ndiyo, Oktoba hapana. Amelia. Kisha akasema, "Nashukuru upo wewe hapo. Asingekuwa na wewe angefanyaje?"

Jioni nilikwenda wodini. Mamdogo alikuwa anaongea na Kapteni kwa kunong'ona, neno moja moja, anayatumia ya mwisho. Alinishika mkono akaniimbia mstari mmoja, wa wimbo wa kubembelezea watoto ambao Mama hutuimbia. Ilikuwa ni hewa tu yenye umbo la wimbo. Kapteni akaenda dirishani akakaa huko.

Jumanne, 9 Desemba

Saa saba za upasuaji. Yu hai.

Jumamosi, 13 Desemba

Bendi ilipiga bila mwimbaji. Sikwenda. Kapteni anasema watu walicheza kidogo.

Alhamisi, 18 Desemba

Amerudi nyumbani. Ana kitambaa cheupe shingoni, na chini yake tundu linalotoa mlio mdogo kama birika kabla halijachemka. Nimemnunulia ubao wa watoto na kalamu ya kufutika. Neno la kwanza aliloandika: "Nyumba chafu." Akacheka. Mabega yakacheka, sauti haikuja.

Akitaka kuniita anagonga ukuta kwa kijiko. Mara moja, njoo. Mara mbili, chakula. Mara tatu, zima taa ulale. Kapteni alikuja na matunda, akaanza, "Haya Bu—" akajikatiza. Hataniita hivyo tena.

"Jumamosi ndiyo ya mwisho," akaniambia mlangoni. "Watu wanaulizia ile sauti ya nyuma ya pazia. Njoo usimame mbele, mwanangu. Kwa ajili yake."

Nilisema siwezi. Kijiko kikagonga mara moja. Nilipoingia alikuwa ameshaandika: "Ataenda."

Jumamosi, 20 Desemba

Saa kumi na moja jioni. Kapteni ananifuata saa moja.

Nilitoka bafuni nikakuta gauni la kijani kitandani kwangu, limepigwa pasi, limepunguzwa kiunoni kwa mshono wa mkono. Juu ya gauni kuna karatasi mbili. Moja ni mchoro wa daktari, umechakaa kwenye mikunjo. Nyingine ni barua. Barua ya kwanza. Rafu ya vitabu imefutwa vumbi, na kitabu cha jiografia kimewekwa wima, mahali ambapo mimi siweki.

Mamdogo alikuwa amesimama mlangoni na ubao: "Nisomee."

Na mimi, baada ya yote haya, nikasema, "Ni ya magodoro, Mamdogo. Ya zamani."

Hakukasirika. Alinisogelea, akaweka kidole juu ya karatasi, pale juu kulia. Lugha ya huku haijui, lakini tarakimu ni zile zile kila mahali. 6. 10. Kisha akashusha kidole kwenye mstari wa kati. 17. 10. Akaacha kidole hapo muda mrefu. Halafu akafuta ubao kwa mkono wa nguo, akaenda jikoni. Namsikia anafungua bomba, anafunga.

Anajua, nadhani tangu siku ya mkalimani. Alichotaka si kujua. Anataka nitafsiri. Ndiyo kazi yangu katika nyumba hii, na hajawahi kuniomba kitu kingine.

Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu mbele ya kioo, na mdomo unakwenda bila sauti, kama yeye siku ile jukwaani. Kwa hiyo naandika hapa, siongezi sipunguzi.

*Mpendwa mama. Baada ya kukuona tarehe 3 Oktoba, tunakuita kwa kipimo tarehe 17 Oktoba, saa tatu asubuhi. Tafadhali usile tangu usiku. Kama tulivyokueleza, kuna uvimbe kwenye uzi wako wa sauti wa kushoto, na ni muhimu sana tuupime mapema. Ukipimwa mapema, uwezekano wa kuuondoa na sauti ikabaki ni mkubwa. Mpaka siku hiyo, tafadhali usiimbe. Kama huwezi kufika, tupigie kwa namba ya chini.*

Hiyo ndiyo barua. Na daktari siku ile ya Ijumaa alisema hivyo hivyo, Mamdogo, kwa mambo manne, na mimi nilikwambia maji ya uvuguvugu. Sikukosea kutafsiri. Nilielewa kila neno. Niliitaka ile maiki.

Bomba limefungwa na halifunguliwi tena. Kijiko hakijagonga. Nasikia ndara zake koridoni, ile ya kulia imeachia soli, inapiga sakafu mara mbili kila hatua. Sasa nausikia na ule mlio wa shingoni. Mkono wangu umeshaenda kwenye droo wenyewe, kama ulivyozoea, na droo imekwama kama kawaida yake.

Ameshika kitasa. Nauacha ukurasa wazi juu ya gau—